Tusimsingizie ndege

Wakati wa masika bibi mmoja aliingia katika zahanati ninayofanyia kazi akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mwili ulikuwa unachemka, macho yamegeuka juu, na mkono wa kushoto ulikuwa ukirukaruka wenyewe. Nilimwamkia bibi harakaharaka huku nikimpokea mtoto.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Lakini nakuomba sana, usimchome sindano. Huyu amepitiwa na dege. Juzi usiku tulimsikia juu ya paa."

Sikumcheka bibi yule, na ninyi msimcheke. Alikuwa ametembea saa mbili kwa miguu, matope yakimfika magotini, na alikuwa akisema tu yale aliyofundishwa na mama yake. Lakini maneno yale yalinifanya nifikiri kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mwezi huu nimeamua kuandika juu ya ndege. Maoni yangu ni haya: katika nyumba zetu nyingi tunamsingizia ndege magonjwa asiyoyaleta, halafu tunafumbia macho madhara yanayotokana na jinsi sisi wenyewe tunavyomfuga na kumtega. Na kwa makosa yote mawili, anayeumia kwanza ni mtoto.

DEGEDEGE SI NDEGE

Jina lenyewe la degedege linatukumbusha imani ya zamani, kwamba kuna ndege mkubwa, au pepo mwenye umbo la ndege, apitaye usiku juu ya nyumba na kumtikisa mtoto. Kwa imani hiyo watoto wamefukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, wamepakwa mkojo, na wamefungwa hirizi. Mbaya zaidi ni ule usemi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Chanzo cha usemi huu si vigumu kukiona. Mtoto alitibiwa kwanza nyumbani siku mbili au tatu, akafikishwa hospitali akiwa amekwisha zidiwa, akachomwa sindano, akafariki. Watu wakailaumu sindano, wala hawakuzilaumu zile siku tatu.

Ukweli ni kwamba mtoto mdogo, hasa kati ya miezi sita na miaka mitano, anaweza kushikwa na mitukutiko kwa sababu ya homa kali tu. Lakini katika nchi yetu mara nyingi homa hiyo ni malaria, na malaria ikipanda kichwani inaua au inaacha ulemavu. Uti wa mgongo nao unaweza kuanza hivyo hivyo. Malaria huletwa na mbu jike aina ya anofelesi, anayeuma usiku. Kama kuna kiumbe chenye mabawa kilichopita juu ya kitanda cha mjukuu wa bibi, basi kilikuwa mbu.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu ili mate yasimpalie. Mvue nguo nzito. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimnyweshe kitu chochote wakati anatukutika. Usimfukize moshi, maana unamnyima hewa wakati anapoihitaji zaidi. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama mitukutiko imekoma njiani. Pale atapimwa damu. Akionekana ana malaria kali atapewa dawa ya artesuneti, na mtoto mdogo aliye mbali na hospitali anaweza kuanzishiwa dawa hiyo kwa njia ya haja kubwa kabla ya kusafirishwa.

Mjukuu wa bibi alikutwa na malaria. Tulituliza mitukutiko, tukaanza matibabu, tukampeleka hospitali. Siku ya nne alikuwa anaomba uji. Ndipo bibi aliponieleza kwamba kaka yake mtoto huyo alifariki miaka miwili iliyopita, nyumbani, katika moshi.

CHANDARUA KILIKUWA WAPI?

Baada ya wiki mbili nilikwenda kuwatembelea. Nyumba ilikuwa safi na uwanja umefagiwa. Pembeni ya jiko kulikuwa na tenga la vifaranga kumi na wawili, na juu ya tenga, ili kuwazuia mwewe, kulikuwa kumetandazwa chandarua kizima kabisa. Ni kile alichopewa mama wa mtoto kliniki alipokuwa mjamzito. Mtoto alikuwa akilala chini ya paa tupu. Na usiku, tenga na vifaranga na mama yao viliingizwa ndani, chini ya kitanda hicho hicho cha mtoto, kwa kuogopa kicheche na wezi.

Basi tazameni. Ndege alikuwa analala salama ndani ya chandarua, mtoto alikuwa anaumwa na mbu juu ya kinyesi cha kuku, na lawama zote zilikwenda kwa ndege wa juu ya paa!

Naomba nisieleweke vibaya. Sipingi ufugaji wa kuku. Yai na nyama ya kuku ni chakula bora kwa mtoto kuliko vitu vingi tunavyonunua dukani, na kuku wachache wamelipa karo ya watoto wengi. Ninachopinga ni kulala nao. Utafiti mmoja wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 uliangalia watoto wa vijijini. Ulionyesha kwamba kwa jumla watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa na kimo kizuri zaidi, lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya watu faida hiyo ilipotea, na kimo cha watoto kilikuwa kibaya zaidi. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Kinyesi cha kuku kina vijidudu viletavyo kuhara, na mtoto anayehara mara kwa mara hanenepi hata ukimpa yai kila siku.

Dawa yake ni banda, hata dogo, lililo mbali kidogo na mlango wa nyumba. Liinue kutoka ardhini kwa miti, na sakafu iwe ya fito zenye nafasi ili kinyesi kianguke chini. Weka mlango imara wenye kufuli. Kinyesi kizolewe kila mara na kupelekwa shambani kikiwa mbolea. Vifaranga wafunikwe kwa tenga au wavu wa kamba, na chandarua kirudishwe kitandani. Atakayeshika kuku au kuokota mayai anawe mikono kwa sabuni. Dhidi ya kideri, ambacho humaliza banda zima kwa siku chache, kuna chanjo ya I-2 inayostahimili joto, tena inatengenezwa hapa hapa nchini. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jumuiya moja inaweza kuchanga na kumwita mtaalamu wa mifugo achanje kuku wa majirani wote siku moja.

NJIWA WA DARINI NA KASUKU WA KIZIMBANI

Njiwa ni ndege mpole, na nyumba yenye njiwa huonekana ina baraka. Lakini kinyesi chao kikirundikana darini na kukauka huwa vumbi, na vumbi hilo likivutwa linaweza kuleta ugonjwa. Ndani yake huweza kuwamo kuvu aina ya kriptokoka. Kwa mtu mwenye afya kwa kawaida haidhuru, lakini kwa mtu ambaye kinga yake imepungua sana, hasa aishiye na virusi vya UKIMWI na ambaye hajaanza au ameacha dawa, kuvu hiyo huenda ikashambulia ubongo. Dalili zake ni kichwa kuuma siku nyingi bila kupoa, homa, shingo kukaza na macho kuumia mwangani. Mgonjwa wa namna hii asipewe vidonge vya maumivu na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali.

Kwa hiyo, anayeishi na virusi, mgonjwa na mtoto wasipewe kazi ya kusafisha banda la njiwa. Anayelisafisha afunge kitambaa puani na mdomoni, anyunyize maji kwanza ili vumbi lisiruke, ndipo akwangue. Hayo hayo yafanywe katika dari za makanisa na shule zetu, ambako njiwa wamekaa miaka mingi bila mtu kupanda.

Kasuku na njiwa wanaweza pia kuambukiza ugonjwa uitwao homa ya kasuku. Huanza kwa homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu, na huweza kuwa nimonia. Unatibika vizuri kwa dawa kama doksisaiklini, lakini mganga hawezi kuukisia kama hukumwambia kwamba nyumbani una ndege. Mwambie. Wala usimbusu ndege wala kumlisha kutoka mdomoni mwako, kama nilivyoona vijana wakifanya kwa mchezo.

Wapo wanaoniuliza kama ni vema kumfuga kasuku. Mimi nasema, kama huwezi kumtunza miaka 40, usimchukue, maana kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufika umri huo. Huyu ni kiumbe wa makundi. Akifungwa peke yake katika kizimba asichoweza kunyoosha mabawa, hujinyonyoa manyoya mpaka akabaki uchi, kama mtu aliyeugua akili. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana huko Johannesburg kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, kwa kuwa walikuwa wanakwisha. Nasi hapa Tanzania tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, isiyomruhusu mtu kukamata ndege wa porini bila kibali. Anayekuuzia ndege barabarani ndani ya boksi la viatu anakuuzia pia kesi.

Aliye na ndege tayari amtunze kwa haki. Ampe kizimba kipana, maji safi kila siku, matunda na mboga pamoja na nafaka. Asimpe parachichi, kwani kwa kasuku ni sumu. Asimweke jikoni penye moshi wa mkaa, maana mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu. Gazeti la chini ya kizimba libadilishwe kila siku.

BUNDI WA MNARANI

Sasa nije kwa yule anayechukiwa kuliko wote. Bundi akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu husema amekuja kuchukua roho. Vijana huchukua mawe, na pengine huchoma kiota chenye makinda. Lakini nyumba yenye mgonjwa ndiyo yenye taa usiku kucha, na ndiyo ambayo watu wako macho. Katika nyumba nyingine bundi hulia vile vile, ila wenyewe wamelala. Hatuhesabu usiku ambao bundi alilia na asubuhi wote wakaamka wazima.

Bundi mweupe, yule mwenye uso kama moyo, hupenda kuzaa katika minara, dari na majengo ya zamani. Anakuja kwa sababu ya panya. Chini ya kiota chake utakuta vidonge vya manyoya na mifupa midogo, ambavyo ni masalio ya panya aliowala na kuwatapika mabaki yake. Wazee wa Lushoto wanajua maana ya panya. Tangu mwaka 1980 na kwa zaidi ya miaka ishirini, wilaya ile ilisumbuliwa na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, na maelfu ya watu waliugua. Sisemi kwamba bundi peke yake angeizuia tauni. Nasema kwamba anayeua bundi na kuwaacha panya amechagua vibaya rafiki na adui.

Kama mnahitaji mfano wa gharama ya kuwapoteza ndege, tazameni India. Huko tumbusi, yaani tai walao mizoga, walikuwa mamilioni. Kuanzia miaka ya 1990 walikufa karibu wote. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza chanzo: dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki waliyopewa ng'ombe. Tumbusi alipokula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa, figo zake zilikufa. Serikali ya huko ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Lakini kwa miaka ile mizoga ilibaki ikioza, maji yakachafuka, na mbwa wa mitaani wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umekadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 watu wapatao nusu milioni walikufa zaidi ya ilivyotarajiwa. Ndege ambaye hakuna aliyemwona kuwa mzuri alikuwa analinda afya ya watu bila mshahara.

NYAMA YA NDEGE NA SUMU

Jambo la mwisho ndilo linalonitisha zaidi. Mkulima wa mtama, uwele au mpunga anamjua kwelea kwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja. Sishangai mkulima akilia. Serikali za nchi zetu hunyunyizia makundi hayo dawa ya fenthioni kwa ndege. Baada ya hapo wako watu wanaokwenda kuokota ndege waliokufa, wakawachoma na kuwauza kwa mafungu.

Ndugu zangu, msile ndege aliyeokotwa amekufa. Fenthioni ni sumu ya mishipa ya fahamu, na moto wa jiko si wa kutegemewa kuiondoa. Hata katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, karibu na mwaka 2010 ilishuhudiwa wawindaji wakitia Furadan katika konokono na mpunga ili kuua korongo na mabata, kisha nyama ikauzwa kwa watu. Njiwa pia hufa kwa kula mahindi ya mbegu yaliyotiwa dawa, yale yenye rangi, na watoto huwaokota shambani wakafurahi kupata kitoweo.

Aliyekula au kushika sumu hii hutokwa na mate na jasho jingi, machozi humwagika, tumbo humsokota, hutapika na kuhara, mboni za macho huwa ndogo, misuli hutetemeka, na mwisho pumzi hukatika. Mvue nguo, muoshe mwili kwa sabuni na maji mengi, na mkimbize hospitali. Usimlazimishe kutapika wala kumnywesha maziwa ukidhani yanaua sumu. Chukua kopo la dawa au ndege mwenyewe aliyebaki, ukiwa umemtia katika mfuko, ili mganga ajue anapambana na nini. Ipo dawa ya atropini, nayo huokoa maisha ikiwahi.

Je, mkulima afanye nini? Wenyeji wa Kondoa tangu zamani huwakamata kwelea kwelea kwa mitego na kuwala, bila sumu yoyote. Hiyo ni nyama safi na shamba limepona. Mimi naona ujuzi huu ungestahili kufundishwa katika wilaya nyingine badala ya kungojea eropleni.

Tena mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, wa kufugwa au wa porini, msiwaguse kwa mikono mitupu. Toeni habari kwa afisa mifugo. Mwezi Januari mwaka 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa nchini Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, katika ndege wa porini na wa kufugwa. Ziwa hilo ni letu pia, na ndege hawana pasipoti.

TUWAFUNDISHE WATOTO

Mtoto akikuletea kinda lililoanguka, usimkemee. Mwonyeshe jinsi ya kulirudisha katika kiota au tawi la karibu. Si kweli kwamba mama yake atalikataa kwa sababu limeshikwa na mtu. Msilinyweshe maziwa, kwani ndege hanyonyi. Kisha mtoto anawe mikono. Manati muiondoe mikononi mwao, kwani jiwe lililomkosa chiriku linaweza kupata jicho la mwenzake, na jicho halioti tena. Badala yake wekeni sahani ya maji kivulini wakati wa kiangazi, mbadilishe maji kila asubuhi ili mbu wasizaliane humo, na watoto wahesabu ndege wanaokuja kunywa.

Juzi bibi alikuja zahanati kumpima mjukuu uzito. Mtoto ameongezeka kilo moja. Nilimwuliza habari za chandarua, akaniambia kimerudi kitandani, na baba wa mtoto amejenga banda kwa fito. Nikamwuliza na habari za bundi wa kwenye mwembe.

"Bado yupo," alisema. "Tumemwacha. Na panya wa ghalani wamepungua."

Basi tuanzie hapo, kila mmoja nyumbani kwake. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, tazama kuku wako wanalala wapi, na mtoto wako analala chini ya nini.